Gasketi ya Sampu: Kuzuia Oili Kuvuja Chini ya Injini ya Gari la Zamani

Chini kabisa ya injini ya gari hufungwa bakuli la bati au la aluminiamu ambalo mafundi huliita sampu, na humo ndimo inamokaa oili ambayo pampu huivuta kupitia chujio la wavu, ikaisukuma hadi kwenye beringi na sehemu nyingine zinazosuguana, kisha ikashuka tena yenyewe kwa uzito wake. Kati ya mdomo wa bakuli hilo na bloku, yaani mwili mkuu wa injini wenye matundu ya silinda, huwekwa gasketi, ambayo ni utepe laini wa koki, wa raba au wa silikoni unaojaza mianya midogo ambayo chuma kikikutana na chuma, hata kikichongwa kwa uangalifu, hakiwezi kuiziba. Gasketi hii haikabiliwi na presha kubwa, kwa kuwa oili iliyomo ndani ya sampu imetulia tu kama maji ndani ya sufuria. Kinachoichosha ni joto, miaka, na mkono mzito wa mtu aliyeifunga.

Mwenye gari anayeona madoa meusi mahali anapoegesha huambiwa mara nyingi kwamba gasketi ya sampu imekufa na kwamba dawa yake ni kununua nyingine. Ushauri huo una nusu tu ya ukweli, kwa sababu gasketi mpya ikikandamizwa juu ya mdomo uliopinda, au ikifungwa kwenye injini ambayo njia yake ya kupumulia imeziba, itaanza kuvuja kabla hata oili iliyowekwa siku hiyo haijafikia wakati wa kubadilishwa. Kazi hii basi ni ya usafi na unyoofu kwanza, na ununuzi wa kipuri ni sehemu yake ndogo.

Jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba sampu ndiyo inayovuja. Oili inayotoroka juu ya injini hushuka ukutani mwa bloku, hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo, na hatimaye hujikusanya kwenye mdomo wa sampu, ambao ndio ukingo wa mwisho kabla ya ardhi. Kwa hiyo sampu hubeba lawama za kila kilicho juu yake. Wanaostahili kushukiwa kabla yake ni gasketi ya kifuniko cha valvu kilicho kileleni mwa injini, swichi ya presha ya oili, oili filta ambayo haikukazwa vizuri, na oili sili mbili za krenkishafti, yaani mtaimbo wenye mikunjo unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Katika injini za Toyota za 4A-FE na 5A-FE, zilizofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 ambazo bado zinaonekana kila siku katika barabara za Kenya na Tanzania, huongezwa mshukiwa mmoja zaidi: mpira wa duara ulio kwenye shingo ya distribyuta, ambao ukikauka huacha oili itiririke juu ya giaboksi na kumpotosha mtu aliye chini ya gari. Mpira huo ni kitu kidogo cha bei ndogo, na si ajabu kwamba sampu nyingi zimefunguliwa kwa makosa yake.

Njia ya kutambua ukweli haihitaji mashine. Injini ikiwa imepoa husuguliwa kwa sabuni ya kuondolea grisi, husuuzwa bila kumwagiwa maji kwenye distribyuta na alteneta, kisha huachwa ikauke; baada ya hapo sehemu zinazoshukiwa hunyunyiziwa poda ya kawaida ya mwili, gari huendeshwa kilomita kumi au kumi na tano, na poda nyeupe itaonyesha mahali hasa oili ilipoanzia, maana mahali palipolowa pa juu kabisa ndipo chanzo kilipo. Rangi nayo ni shahidi: oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, ile ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, na maji safi yanayodondoka upande wa abiria ni ya kipoza hewa, nayo hayana madhara yoyote. Ikiwa oili inadondoka mahali injini inapokutana na giaboksi, uchunguzi uwe wa makini zaidi, kwa sababu huenda ni oili sili ya nyuma ya krenkishafti, na hiyo haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe.

Suala la pili, ambalo mafundi wengi wa pembezoni mwa barabara hulipita haraka, ni pumzi ya injini. Kila mlipuko unaposukuma pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi zake na kuingia sehemu ya chini ya injini, na gesi hiyo hutolewa kupitia valvu ndogo ya njia moja ambayo mara nyingi hukaa kwenye kifuniko cha valvu na kuunganishwa kwa bomba la mpira na njia ya hewa iingiayo kwenye silinda. Valvu hiyo ikizibwa na masizi, gesi hukosa mlango, presha hupanda, na oili husukumwa nje kupitia gasketi yoyote iliyo dhaifu. Ikichomolewa na kutikiswa inapaswa kugongagonga. Injini ikinguruma taratibu, kidole kikiwekwa kwenye mdomo wake kinapaswa kuvutwa. Isipofanya hivyo, ibadilishwe kwanza na gari litazamwe kwa wiki moja au mbili, kwa sababu yapo magari ambayo yameacha kuvuja kwa tiba hiyo peke yake. Pale ambapo valvu ni nzima lakini moshi unatoka kwa nguvu kifuniko cha kujazia oili kinapofunguliwa, ringi za pistoni zimechakaa, na hakuna gasketi itakayodumu hapo.

Iwapo baada ya uchunguzi sampu yenyewe imethibitika kuvuja, bado inafaa kuuliza kama kazi ifanywe sasa. Tone moja au mawili kwa usiku si dharura, mradi kijiti cha kupimia oili kinatazamwa kila wiki na kiwango hakishuki chini ya alama. Gari la namna hiyo linaweza kungoja siku ambayo klachi au bomba la moshi litafunguliwa kwa sababu nyingine. Lakini oili inayodondokea bomba la moshi lenye joto, au inayolowesha mikanda na raba za kubebea injini, isivumiliwe, kwa kuwa ya kwanza inaweza kuwasha moto na ya pili huharibu vipuri vyenye bei kubwa kuliko gasketi yenyewe. Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji hufanya kazi kwa kuvimbisha raba. Huenda zikasaidia oili sili iliyokakamaa, ila kwa koki iliyovunjika au kwa mdomo wa bati uliopinda hazina msaada.

Aina ya gasketi hutegemea umri na ukoo wa gari. Magari mengi ya zamani ya Ulaya, Marekani na Japani yalifungwa koki, ambayo ni gome la aina ya mwaloni unaostawi zaidi Ureno, ama peke yake ama ikiwa imesagwa na kuchanganywa na raba. Koki ni tiifu, hujaza mabonde ya bati kwa urahisi, lakini ikikaa dukani miaka mingi hukauka na kusinyaa hata matundu yake yasilingane tena na ya bloku. Ikilowekwa kwenye maji ya vuguvugu kwa muda hurudi katika kimo chake, na ikiwa inakatika inapokunjwa kidogo basi imekwisha, irudishwe dukani. Raba iliyofinyangwa ndiyo bora kwa magari yanayoikubali, hasa ile yenye vipete vidogo vya chuma ndani ya matundu ya bolti, kwa kuwa vipete hivyo huizuia kubanwa kupita kiasi. Toyota nyingi za baadaye, zikiwamo zile za 4A-FE na 5A-FE, hazina gasketi ya kukatwa kabisa. Kiwanda hupaka silikoni ya majimaji ambayo huganda na kuwa raba. Anayeuziwa gasketi ya koki kwa injini ambayo kiwanda kiliifunga kwa silikoni anapaswa kuuliza maswali, kwani unene wake unaweza kuishusha sampu kidogo na kuvuruga sehemu ilipopangwa kukutana na giaboksi.

Usalama hautaki maneno mengi, bali unataka utii. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu yasiyoinuliwa huwekewa vizuizi, na baada ya kuinuliwa kwa jeki huketishwa juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Tofali la simenti lenye matundu, ambalo hutumiwa sana kwa kuwa liko karibu, hupasuka ghafla bila kutoa ishara, na mtu aliye chini hapati nafasi ya kujiokoa.

Oili humwagwa injini ikiwa na uvuguvugu, ili itoke na takataka zake, lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Injini nyingi ndogo za silinda 4 hubeba lita 3 hadi 4, hivyo karai liwe la kutosha. Kinachofuata hutofautiana sana kati ya gari na gari. Katika Corolla zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele, kipande cha mbele cha bomba la moshi hupita chini ya sampu na lazima kishushwe, na nati zake, zikiwa zimeungua kwa miaka 20 au 30, zilowekwe oili ya kulegezea kutu tangu jana yake. Katika magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, boriti inayobeba injini hupita chini kabisa, na sampu haiwezi kutoka mpaka bolti za raba za kubebea injini zifunguliwe na injini yenyewe iinuliwe sentimita chache. Hapo feni inaweza kugonga redieta na mabomba ya mpira yanaweza kunyooka hadi kukatika, kwa hiyo yote yakaguliwe kabla ya kuinua, na jeki isiwekwe kamwe moja kwa moja chini ya sampu bila kipande kipana cha mbao.

Bolti zikishatoka zote, sampu iliyogandishwa na silikoni haitashuka kwa hiari. Kosa la kawaida ni kuchomeka bisibisi na kuibandua kwa nguvu, jambo ambalo huchimba bloku ya aluminiamu au kukunja mdomo wa bati, na kila chimbo ni njia mpya ya oili. Inatakiwa bapa jembamba la chuma lenye makali lipigwe taratibu liingie katikati ya silikoni, kisha ligongwe kwa upande ili likate utepe huo kwa kuteleza. Hata bapa hilo lisipitishwe kwenye sehemu ambazo sampu inakutana na mwili wa pampu ya oili upande wa mbele na kishikio cha sili upande wa nyuma, kwa kuwa sehemu hizo ni laini. Zitaachia zenyewe pande mbili ndefu zikishafunguka. Ikiwa sampu imefunguka lakini bado imenasa, huenda kinachoizuia ni kizito cha krenkishafti, na kuizungusha injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele hutoa nafasi.

Yaliyomo chini ya sampu yasomwe kabla ya kuoshwa. Tope jeusi laini linaonyesha oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Unga wa chuma unaoshikwa na sumaku, ukiwa kidogo, ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au ya fedha visivyoshikwa na sumaku vinatoka mara nyingi kwenye beringi, na hiyo ni habari mbaya kuliko uvujaji wowote. Katika injini ya Toyota ya 22R, inayopatikana katika Hilux za zamani, vipande vya plastiki humaanisha kwamba vielekezi vya cheni ya taimingi vimevunjika. Chujio la pampu nalo lichomolewe na kuoshwa, na mara kwa mara litakutwa limejaa nyuzi za silikoni ya fundi aliyetangulia. Jambo hilo lieleweke vizuri, maana ndilo linaloua injini nyingi zilizokuwa zikivuja tu.

Usafishaji wa nyuso mbili ndio kazi yenyewe, na unastahili kuchukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa kipande cha plastiki au mbao ngumu ikiwa bloku ni ya aluminiamu, na kwa wembe mpana ulioshikwa bapa ikiwa ni ya chuma. Msasa na brashi za kuzungushwa kwa drili zisitumiwe chini ya injini iliyo wazi, kwa sababu chembe zake ngumu hurukia juu na hatimaye husafiri na oili hadi kwenye beringi. Baada ya kukwangua, nyuso hufutwa kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholoweshwa thina, na ufutaji urudiwe kwa muda mrefu kwa sababu injini huendelea kudondosha oili kwa saa kadhaa. Tone moja likianguka juu ya uso uliosafishwa, silikoni haitashika hapo. Matundu ya bolti yasiyotokea upande wa pili nayo yakaushwe, kwani oili iliyonaswa ndani huzuia bolti isifike mwisho huku mkono ukidhani imekaza.

Mdomo wa sampu ya bati hulazwa juu ya kioo kinene au meza ya chuma, na mwanga upitishwe upande wa pili. Karibu kila sampu iliyowahi kukazwa na mikono kadhaa huonyesha kitu kilekile: kuzunguka kila tundu la bolti bati limenyanyuka kama mdomo wa chungu, na kati ya tundu na tundu kuna bonde. Sababu ni kwamba kila uvujaji ulipoonekana, bolti zilikazwa zaidi, bati likavutwa juu mahali pa bolti, bonde likaongezeka, na oili ikapata nafasi kubwa kuliko ya kwanza. Dawa yake ni nyundo na subira. Upande wa nje wa mdomo hukalishwa juu ya kipande cha chuma kilichonyooka, kisha vinundu hugongwa kwa kichwa bapa cha nyundo, kidogo kidogo, mpaka mwanga usionekane tena chini ya mdomo. Saa moja inayotumika hapa ina thamani kuliko gasketi ya bei yoyote.

Katika ufungaji, koki hupakwa gundi nyembamba upande wa sampu tu ili isihame, na upande wa bloku huachwa mkavu. Raba iliyofinyangwa haipakwi chochote kuizunguka, kwa kuwa silikoni huifanya iteleze na kuchomoka inapobanwa; huwekwa tone dogo tu pale ambapo bloku inakutana na kifuniko cha mbele na kishikio cha sili ya nyuma, maana hapo pana ufa wa asili. Kwa injini za silikoni tupu, utepe wenye upana wa milimita 3 hadi 5 huchorwa bila kukatika, ukipita upande wa ndani wa kila tundu, na sampu inapaswa kuwa imefungwa ndani ya dakika kama 5. Silikoni hukomaa kwa kunywa unyevu wa hewa, hivyo katika joto lenye unyevu la pwani huanza kufanya ngozi mapema kuliko katika hewa kavu ya bara, na ikishafanya ngozi ifutwe yote na kupakwa upya. Kipimo cha utepe kiheshimiwe: kiasi kile cha silikoni kinachofura nje ya mdomo, ambacho wateja wengine hukiona kama dalili ya kazi nzuri, kimefura pia ndani, na kipande chake kitakachokatika ndicho kitakachoziba chujio la pampu.

Bolti zote huanzwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa kupokezana pande mbili kuanzia katikati kuelekea ncha, kwa mizunguko miwili au mitatu. Nguvu inayotakiwa huwashangaza wengi kwa udogo wake. Nguvu ya kukazia hupimwa kwa nyutoni mita, na kwa bolti ndogo za sampu za Toyota za 4A-FE ni karibu nyutoni mita 5 tu, sawa na uzito wa kilo 5 ukining'inia kwenye spana yenye urefu wa sentimita 10. Injini nyingine hufika 10 au 12, na takwimu sahihi hutafutwa kwenye kitabu cha gari husika. Asiye na spana ya kupimia nguvu atumie kishikio kifupi na akishike karibu na kichwa, ili kifundo cha mkono peke yake ndicho kifanye kazi na bega lisihusike.

Baada ya hapo bolti ya kumwagia oili hufungwa kwa washa mpya, filta mpya huwekwa, na kama silikoni imetumika, injini isiwashwe mpaka muda ulioandikwa kwenye kifurushi upite, ambao kwa kawaida si chini ya saa 2, na kulala usiku mzima ni bora zaidi. Injini inapowashwa baada ya kujazwa oili mpya, taa ya oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe papo hapo na sababu itafutwe. Oili chafu irudishwe kwenye madumu na kupelekwa kwa wanaoikusanya, isimwagwe mtaroni, na mikono iliyoigusa ioshwe kwa sabuni na si kwa petroli.

Gasketi ya koki hukaguliwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, na bolti zilizolegea hurudishwa kwenye kipimo kilekile bila kuzidishwa. Silikoni iliyokwisha kukomaa haiguswi tena: bolti yake ikizungushwa hata robo ya duara, utepe huweza kubanduka kutoka kwenye chuma, na sampu itabidi ishushwe upya.